Pasta anataka mama amkumbatie jirani aliyetutoa, mbele ya kanisa, na mbunge atakuwepo

Bwana asifiwe Mama. Nimekua nikisoma majibu yako kimya kimya na sikudhani siku moja mimi ndo ntaandika, lakini hii imenikalia kwa roho na hapa nyumbani hatuongei tena vizuri.

Sisi ni Wakikuyu wa Burnt Forest, Uasin Gishu. Ama niseme tulikua wa huko. Baba alinunua shamba miaka ya themanini, tulikua na mahindi na ng'ombe wa maziwa kama kila mtu, na jirani yetu wa upande wa chini alikua mzee Mkalenjin ambaye kusema ukweli alikua kama baba mdogo kwetu. Dipu ya ng'ombe ni moja, lori ya maziwa ni moja, Krismasi wanakuja kwetu, mama yake alipokufa baba alikua kati ya wale walibeba jeneza. Hata vita vya kikabila vya 92 vilipokuja, mimi nlikua mtoto mdogo sana lakini mama anatuambia huyo mzee alituficha kwake mpaka kukatulia. Hiyo ndo inaniuma zaidi Mama, manake 2007, ile vita ya baada ya kura, haikua hivyo.

Ile Jumapili matokeo ya kura ya urais yalitangazwa, tarehe 30 Disemba, hata giza haijaingia vizuri tayari tunaona moshi upande wa juu. Mama akatushika tukakimbia polisi, baba akabaki ati aangalie ng'ombe moja ilikua karibu kuzaa. Hatukumuona tena akiwa hai. Walioleta habari walisema vijana waliokuja hawakua wa hapo, hawangejua boma ni ya nani, kuna mtu alikua anawaonyesha nyumba moja moja na huyo mtu ni mzee wetu wa jirani. Mimi sikuona kwa macho yangu. Lakini ng'ombe zetu mbili zilionekana kwake baadaye na hiyo waliiona watu wengi.

Tukakaa kwa hema pale showground Eldoret, alafu Nakuru kwa dada ya mama, ile elfu kumi ya wakimbizi ikaisha kwa kodi ya nyumba na karo, mama akauza mboga mpaka tukamaliza shule. Hati ya shamba tuko nayo, bado ni jina la baba, lakini hatujawahi kurudi kulima na tunasikia mzee ndo analisha mifugo yake hapo mpaka leo.

Sasa juzi amepiga simu. Alipata namba kwa mwalimu wetu wa zamani. Akasema ameokoka, anaugua sukari na mguu mmoja umekatwa, na anataka kuja Nakuru aombe mama msamaha kabla hajafa. Mama alisikiza mpaka mwisho, hakusema neno, akakata simu akaenda kulala na ilikua mchana. Dada yangu kwa kutaka kusaidia akaenda akamwambia pasta wetu, na pasta akafurahi sana mpaka nikashangaa, ati huu ni muujiza, ati kuna ibada ya kuombea amani kabla ya kura ya 2027 na anataka mama na huyo mzee wasimame mbele wakumbatiane, mbunge ataalikwa na itaenda laivu. Mama akasema hapana. Tangu hapo ametumiwa mzee wa kanisa amwambie asiguse meza ya Bwana mpaka apatane na ndugu yake, wakamsomea Mathayo 5, na wakaongeza kwamba presha yake haishuki kwa sababu ya moyo usiosamehe. Mama amewacha kwenda kanisa. Mtu ambaye kwa hema alikua anatuombea kila usiku.

Alafu kuna ndugu yangu mkubwa. Yeye kwa group ya familia kila siku anatuma vitu, matusi ya kabila, video za zamani za moshi, ati 2027 safari hii hatutakimbia. Nikimwambia awache ananiuliza kama nimesahau baba. Sijasahau. Lakini bosi wangu ni Mkalenjin na ndiye alinichangia harusi, nifanye nini na hiyo?

Na wakubwa wenyewe wa makabila haya mawili Mama! 2013 waliungana wakashinda pamoja, 2022 watu wengi wa kwetu wakampigia Ruto, saa hii tena ati wamekosana, na sisi tuliozika ndo tunaambiwa kila saa tufuate, wakipatana tupatane, wakikosana tukosane.

Naomba unisaidie. Mama yangu ako na dhambi? Tumkubali huyo mzee aje? Na mimi nikisema nimemsamehe na bado nataka shamba la baba, ni unafiki?

Mtoto wa Burnt Forest, sasa Nakuru

JIBU

Mwanangu, pole. Pole ya baba, na pole ya miaka yote hii mmebeba hiyo kitu halafu watu wanawaharakisha.

Nianze na ya haraka: mama yako asisimame mbele ya hilo kanisa. Hata pasta akibadilisha tarehe, hata mbunge asipokuja, hata wakisema hakutakuwa na kamera. Mwambie pasta kwa heshima lakini umwambie bila kuzunguka, na uende wewe mwenyewe, si mama na si dada, uende na mjomba au mzee yeyote wa kwenu anayeheshimika ili isionekane ni kijana amekosea mtumishi adabu. Mama wa watu amelia miaka zaidi ya kumi na saba chini ya blanketi, hawezi kufanywa sehemu ya programu ya ibada kati ya kwaya na sadaka.

Sasa hiyo Mathayo 5 waliyomsomea. Fungua uisome na wewe, mstari wa 23 na 24. Inasema ukileta sadaka yako madhabahuni na hapo ukikumbuka ya kuwa ndugu yako ana neno juu yako, uiache, uende upatane naye kwanza. Ndugu yako ana neno juu yako. Yaani anayeambiwa aondoke madhabahuni ni yule aliyekosea, ndiye wa kutoka mbio kwenda kumtafuta aliyeumizwa. Kati ya mama yako na huyo mzee, nani ana neno juu ya nani? Mama hajamkosea. Wamechukua maneno ya Yesu yaliyomlenga mkosaji wakamtwika mjane, na wakamfungia meza ya Bwana kwa hayo. Mimi hiyo imenikasirisha, sitaficha.

Na presha, mpeleke hospitali. Mpeleke kabisa, apimwe, ameze dawa kila siku, na kama hapati usingizi au ndoto za moto zinamrudia basi aulizwe pia hapo kama kuna mshauri wa kuongea naye, siku hizi hospitali nyingi kubwa ziko naye. Presha wanaugua hata watu waliosamehe kila mtu. Kumwambia mgonjwa kwamba ugonjwa wake ni dhambi ndiyo ile kazi ya rafiki zake Ayubu, na mwisho wa kitabu Mungu aliwakasirikia wao, si Ayubu.

Lakini sitaki ufikirie nasema msamaha haina haja. Yesu alisema tuwapende adui zetu na hakuweka chini hapo kwamba isipokuwa watu wa Rift Valley. Ninachosema ni kwamba upendo una utaratibu wake na hauanzi kwa kukumbatiana. Upendo wa kwanza kabisa kwa adui ni kutotaka afe. Kutomwombea mabaya, kutolipiza kwa watoto wake. Hiyo mama ameshafanya zamani, hebu fikiria, amewalea nyinyi wote na ni mmoja tu ndiye ameingia kwa hiyo chuki, na huyo hakuitoa kwa mama. Kwangu huo tayari ni msamaha mkubwa ambao hakuna mtu ameupigia makofi. Kilichobaki, yaani kukaa pamoja, kuongea, kuaminiana tena, hiyo ni kitu nyingine na inahitaji watu wawili na inahitaji ukweli.

Na ukweli ndio nchi hii imekwepa. Tume ya Waki, ile iliyochunguza vita hivyo, ilihesabu watu 1,133 waliokufa, na 405 kati yao ni kwa risasi. Halafu nini? Aprili 2009 mahakama kuu hapo Nakuru iliwaachilia wanaume wanne walioshtakiwa kwa kuchoma lile kanisa la Kiambaa ambapo akina mama na watoto walikuwa wamekimbilia Januari mosi, ushahidi haukutosha na jaji akalaumu jinsi polisi walivyochunguza. Kesi za wakubwa kwa mahakama ya kimataifa ya Hague zikaisha bila hukumu, ya Uhuru Disemba 2014, ya Ruto Aprili 2016. Ripoti ya tume ya ukweli na haki ikakabidhiwa Mei 2013. Machi 2015 Rais Uhuru akaomba msamaha bungeni kwa niaba ya serikali na akatangaza mfuko wa bilioni kumi, na mimi nilifurahi siku hiyo, lakini uliza wajane wa mtaa wako walipata nini. Kwa hiyo wakubwa wakishikana mikono wanakuwa wamepatana juu ya vyeo, hawajapatana juu ya baba yako. Yeremia aliona haya haya akasema wameiponya jeraha ya watu wangu kwa juujuu tu, wakisema amani, amani, wala hapana amani.

Kanisa nalo lisijitoe. Februari 2008 viongozi wa NCCK, lile baraza la makanisa ya Kenya, walikiri hadharani kwamba walishindwa kuzuia yaliyotokea kwa sababu wao wenyewe walikuwa wamegawanyika, kila mtu amesimama na watu wa kabila lake. Walikiri, na ni vizuri. Ndiyo maana pasta anayeleta mbunge kwenye ibada ya amani karibu na kura angepaswa kuogopa kidogo.

Sasa huyo mzee. Aje? Mimi naona asikataliwe, lakini asije kwanza kwa mama. Hapa nitakwambia juu ya marehemu Askofu Cornelius Korir wa Eldoret, yule ambaye maelfu ya watu walijaa kwenye kiwanja cha kanisa kuu lake Januari ile, wengi wao Wakikuyu, na yeye ni Mkalenjin. Baada ya moshi alitumia miaka kupatanisha vijiji vya huko kwenu, na hakuanza kwa mikutano mikubwa. Alianza kwa kukaa na mtu mmoja mmoja, halafu na kila upande peke yake, wanalalamika, wanatukana, wanatoa yote, na ni baadaye sana ndio pande mbili zinaletwa pamoja, na hata hapo hawakuambiwa wanyamaze wakumbatiane, waliachwa wasemane. Halafu wanapewa kazi ya kufanya pamoja, barabara, dipu ya ng'ombe, shule. Huyo alikuwa askofu na alijua Biblia, na bado hakuruka hatua.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Wewe na mjomba, pamoja na huyo mwalimu aliyetoa namba kama anaaminika pande zote, mkutane na mzee kwanza, pengine hata Burnt Forest kwake kwa sababu mguu hana. Mwachie aseme. Na msikubali ile ya "kama kuna mahali niliwakosea". Muulize: ulikuwa na wale vijana? Ulionyesha nyumba yetu? Baba alikufaje, na alisema nini, na alikuwa peke yake? Ng'ombe zilikujaje kwako? Pengine atawaambia alishikiwa panga achague kuonyesha au kuchomwa yeye, na wengi walifanyiwa hivyo. Pengine atawaambia kitu kibaya kuliko mlichofikiria. Pengine, na hili pia uliweke moyoni, habari mliyoletewa haikuwa sawa, maana umesema mwenyewe hukuona, na msamaha wa kitu ambacho mtu hakufanya ni mzigo mwingine tena. Mtajua tu mkiuliza.

Halafu mrudi mumweleze mama, taratibu, vile ataweza kusikia. Aamue yeye. Akisema anataka kumuona, iwe nyumbani na watu wachache, na chai iwe au isiwe, asilazimishwe kupika. Akisema hataki, mumpelekee mzee jibu kwa upole, na mzee akiwa ameokoka kweli atakubali hilo jibu, kwa sababu anayeomba msamaha hana haki ya kudai apewe. Na kama mama anaona vibaya kwamba maneno hayatoki, mwambie hata pale msalabani Yesu alisema "Baba, uwasamehe", alimpelekea Baba. Mama anaweza kuomba hivyo hivyo, Baba wewe wasamehe, mimi bado sijafika. Mungu hatamkataa.

Swali lako la shamba limenifurahisha kwa sababu uliuliza kama dhambi. Si unafiki hata kidogo. Zakayo alipookoka hakusema tu Bwana asifiwe, alisimama akasema alichodhulumu anarudisha mara nne, na ni baada ya hapo Yesu akasema leo wokovu umefika nyumba hii. Kwa hiyo mzee akiuliza afanye nini kuonyesha ametubu, jibu liko hapo chini ya miguu ya mifugo yake. Atoe ng'ombe zake kwa shamba lenu, aseme mbele ya chifu na majirani kwamba hiyo ploti ni ya nani. Na nyinyi muanze kesi ya urithi kortini sasa, hati ikae kwa jina la mama au lenu, msingoje mzee afe halafu mkaanza kugombana na watoto wake ambao hawajui chochote. Na siku ya kukutana, tafadhali, hakuna mtu kutia sahihi kwa karatasi yoyote, hata ikiitwa ya amani. Nimeona watu wakilia pamoja asubuhi na jioni ekari mbili zimeenda.

Mkiamua mwisho kwamba hamtarudi kuishi huko, pia ni sawa. Soma Mwanzo 33, Yakobo na Esau walikumbatiana wakalia, Esau akasema twende pamoja, na Yakobo akamwambia wewe tangulia, halafu akaelekea Sukothi akajenga huko. Walipatana kweli na kila mtu akakaa kwake. Walikutana tena kumzika baba yao, na hakuna mahali Biblia inamlaumu Yakobo kwa hilo.

Ndugu yako nimemwacha mwisho kwa sababu yeye ndiye ananitia hofu kuliko huyo mzee. Mzee ana mguu mmoja na anatafuta amani. Ndugu yako ana simu. Usibishane naye kwa group mbele ya mabinamu, hapo atataka kushinda tu. Mtafute, kaeni wawili, umwache kwanza aongee juu ya baba, naona hakuna mtu amewahi kumuuliza yeye aliona nini siku ile, mkubwa wa nyumba mara nyingi ndiye aliambiwa asilie. Halafu umwambie juu ya Naivasha. Tarehe 27 Januari 2008, nyumba ilichomwa na watu 19 ndani, watoto pia, wengi wao familia moja ya Waluo, na waliowasha moto walisema wanalipizia Wakikuyu waliofukuzwa Eldoret. Walikuwa wanalipizia nyinyi, baba yenu pia yumo. Muulize kama baba, yule aliyebeba jeneza la mama ya jirani, angetaka jina lake litumike hivyo.

Akiendelea kutuma, wewe ndiye admini au ni nani? Zifuteni hizo video, na akirudia atolewe kwa group mpaka kura iishe, na aambiwe ni kwa nini, na Jumapili aendelee kualikwa kwa chakula. Kuna sheria ya uchochezi na watu wameshikwa kwa meseji ndogo kuliko hizo, lakini hata bila sheria, kuna mtoto wa mtu huko Burnt Forest leo, ana umri uliokuwa nao wewe wakati ule, na baba yake pia ana ng'ombe inakaribia kuzaa.

Harusi uliyochangiwa na bosi wako, furahia tu. Hujamsaliti baba.

Niandikie mkishaonana na mzee, na kama pasta atakataa kuelewa, niambie pia, kuna makanisa mengine Nakuru ambayo mama atapewa meza ya Bwana bila kuulizwa kabila la anayemsamehe.